Setilaiti Iliyolemewa

Asubuhi muuguzi Tryphena alisimama nje ya zahanati ya Kishushe, mkono mmoja umeshika antena, mwingine umeingia dirishani kwenye redio iliyounganishwa na kompyuta. Setilaiti ikija, mlio wake huwa juu. Ikipita hushuka, na sharti mtu azungushe masafa kidogo kidogo kuufuata, la sivyo ujumbe hukatika. Ujumbe ulikuwa uleule wa kila siku: pampu imekufa, akina mama wanajifungua bila maji, tumeni fundi. Kule Voi, kwenye ofisi ya afya, kazi ya Bwana Obadiah ilikuwa kuwasha mashine na kuupokea. Hakuwa ameiwasha tangu Pasaka.

Setilaiti ilianza kupita chini. Kwanza ilipita chini ya mawingu, kisha usawa wa paa la kanisa, kisha ng'ombe wakazoea kuipisha. Lilikuwa sanduku la chuma lenye joto, na wachungaji walilikimbilia kupasha mikono moto.

"Umeitwika mno, dada," alisema Hashil, fundi wa redio aliyepanda kutoka Voi kubadilisha betri. Aliipapasa ilipopita. "Ujumbe usiochukuliwa wabaki humo humo. Kila ukituma tena, waongeza mzigo. Iache ipumzike, itapanda yenyewe."

"Na Mumbe je? Anajifungua wiki hii."

"Basi tuma. Lakini ikigonga mwamba usije ukanililia."

Tryphena hakutulia. Alikaa, akainuka, akaomba, akasahau ameombea nini, akaanza upya. Kulipokucha alidandia lori la wachimba madini hadi Voi.

Alimkuta Obadiah akinywa chai. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake maua ya plastiki.

"Sijapokea kitu, sista."

"Hujaiwasha."

"Nikiiwasha nitapokea. Nikipokea itabidi nijibu. Sasa nijibu nini, na fundi sina?"

Setilaiti iliingia kwa dirisha, ikajikokota juu ya meza. Obadiah aliinua kikombe kuipisha.

"Siku hizi inachelewa," alisema, ikitoka kwa mlango. "Sijui ina nini."

Tryphena alimwombea papo hapo, kwa sauti, ili Bwana amfungue moyo. Obadiah aliinamisha kichwa na kuitikia amina. Kisha akajimiminia chai nyingine.

Tryphena aliporudi Kishushe, Mumbe alikuwa ameshajifungua mikononi mwa mama mkwe wake. Jerikeni ya maji aliyokuja nayo mkwe kutoka nyumbani ilitosha kumwosha mtoto tu. Mumbe mwenyewe maji hayakumfikia, na homa ilikuwa imemwanza.

Tryphena alimpa dawa iliyokuwepo, akanawa mikono kwa spiriti, akawasha redio. Setilaiti ilikuwa inakuja kwa njia ya ng'ombe, tumbo likikwaruza mawe. Alielekeza antena chini, usawa wa magoti, akatuma tena, safari hii na jina la Mumbe.