Balozi wa Mkwaja

Mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovishwa taji kwao, sisi wanawake wa Nguvumali, Tanga, nasi tulikuwa na malkia mpya. Chama chetu cha ngoma ya lelemama kilimchagua Sabiha kuwa Kwini. Usitucheke: tulikuwa na Kwini, tulikuwa na Gavana, na tulikuwa na balozi katika kila mji tuliokwenda kucheza. Balozi ndiye aliyetupokea ugenini, ndiye aliyesimamia maziko ya mwanachama akifia huko, na ndiye aliyelipigania jina letu mbele ya wapinzani. Balozi wa Mombasa alivaa hariri. Balozi wa Mkwaja aling'atwa na mbu.

Kwa hiyo watu walicheka waliposikia Saleha anautaka ubalozi wa Mkwaja. Alikuwa shoga wa Sabiha tangu utotoni, na ndiye aliyemzungukia nyumba kwa nyumba akimtafutia Ukwini mpaka makubazi yakamkatika. Angeomba hata Mombasa akapewa, au ndivyo tulivyodhani.

Sababu yake hakumwambia mtu; mimi alinisimulia baadaye. Binti yake, Mwanaharusi, alikuwa ameolewa Mkwaja, na alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilimharibikia. Dereva wa lori la mkonge alileta salamu kwamba miguu imemvimba, kichwa hakimwachi, macho yanaona kiza, na anamtaka mama yake. Lakini Mwinyijuma, mumewe Saleha, alikuwa amegombana na mkwewe mpaka wakashikana mashati, kisha akaapa mbele za watu: Saleha akienda Mkwaja kumfuata bintiye, talaka imempata. Mtu wa kiburi yule, nami sijapata kumpenda. Kitu kimoja tu kilikishinda kiburi chake, nacho ni chama. Alipenda mno kuonekana barazani kuwa mume wa mwenye cheo. Chama kikimtuma mkewe, angembebea mzigo mwenyewe.

Wala Saleha hakuweza kumweleza Sabiha. Mume wa Sabiha na Mwinyijuma walikuwa ndugu, baraza yao moja, na Sabiha hakujua kumficha mumewe kitu. Neno ungempa alasiri, magharibi limeshafika kwa Mwinyijuma, na safari imekufa.

Basi Saleha akafuata desturi. Kwetu aliyetaka cheo alimpelekea Kwini sinia la tambuu, akataja mji, na Kwini akitafuna mbele yake, mambo yamekwisha. Sabiha alitafuna.

"Mkwaja, shoga yangu?" aliuliza akicheka. "Una mzaha wewe."

"Sina mzaha. Nipe."

"Haya, nimesikia."

Saleha alirudi nyumbani akaanza kufunga mzigo. Chini ya nguo za lelemama alificha mafuta ya nazi, dawa za uzazi, na kanga kuukuu za kumpokelea mtoto.

Masikini, hakujua ubalozi hugawiwa vipi. Kwini mpya huwa na maadui kabla hajakikalia kiti. Mwanakombo, aliyeshindwa kwenye Ukwini, alikuwa na watu wake. Kumfukuza kusingewezekana, na kumweka karibu ni kulala na nge kitandani. Mtu kama huyo unampa mji wa mbali, unamvisha koja la asumini, unampigia vigelegele akiondoka. Nasikia hata serikali kubwa zinafanya hivyo.

Ijumaa, uani kwa Sabiha, vyeo vikatangazwa.

"Mkwaja, Bi Mwanakombo."

Mwanakombo akainamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Na Gavana wangu, wa kukaa nami hapahapa Tanga, ni Saleha."

Tulishangilia. Saleha alikwenda mpaka kitini kwa Sabiha, akapiga magoti. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia.

"Nipe Mkwaja. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Nikutupe wewe kule? Wanaokwenda Mkwaja ni wale nisiotaka kuwaona. Wewe nakupenda, kaa na mimi."

Hapo ndipo Saleha alipofahamu njia ya Mkwaja ni ipi. Aliinuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Hunipendi. Unawang'ang'ania watu wa wenzio kwa kuwa Mungu hakukupa wako. Tumbo limekukauka, sasa unataka sisi tuwe watoto wako."

Sabiha hakujaliwa mtoto, na hapana mtu aliyewahi kulitamka hilo mbele yake. Huyu ndiye aliyekuwa somo wa Mwanaharusi. Alimfunda alipovunja ungo, na siku ya harusi alimpaka hina kwa mikono yake mwenyewe. Sasa mikono hiyo aliificha ndani ya kanga.

"Mwanakombo, Gavana ni wewe," alisema polepole. "Mkwaja aende huyu. Aondoke kesho, nisimwone tena."

Mwinyijuma alighadhibika kwa ajili ya nduguye, ila amri ya chama hakuipinga. Mzigo hakuubeba. Wala hapana hata mmoja wetu aliyemsindikiza Saleha. Alipanda lori peke yake, bila koja wala kigelegele.

Alimkuta Mwanaharusi kitandani, uso umefura, uchungu umeshaanza. Mkunga wa pale alikuwa amekata tamaa, yuko mlangoni anasoma dua.

"Umekuja, mama."

"Nimekuja. Chama kimenituma."

"Somo yangu hajambo?"

"Hajambo."

Uchungu ukamshika tena, akauma kanga mpaka ukapita. Kisha akautafuta mkono wa mama yake, maana macho hayakuwa yakiona vizuri.

"Akiwa wa kike nitamwita Sabiha. Na siku ya arobaini nataka somo aje amtoe mtoto nje yeye mwenyewe. Utamwita, mama?"

Saleha alisema atamwita, akaendelea kumkanda miguu.