Draiva ya Mlango wa Chini

Ofisini walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila bisibisi ndogo imechomekwa kwenye nywele kama kibanio. Alikuwa fundi kompyuta wa ofisi ya hati za viwanja, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mashine ya jengo lile ambayo hakuwahi kuipasua tumbo. Mashine zenyewe zilikuwa vikongwe. Waliojua kuzibembeleza walishahama mmoja mmoja, akabaki yeye.

Jumamosi hiyo asubuhi aliteremka kwenye chumba cha hati, chini kabisa ya jengo. Chumba hakikuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa chuma, na kufuli lake liliongozwa na kompyuta iliyokaa humo humo ndani. Ukigusisha kitambulisho nje, au ukibonyeza kitufe cha kutokea ndani, kompyuta ndiyo iliyopeleka amri kwenye kufuli, kupitia waya mnene uliochomekwa kwenye kadi ya poti, kipande cha ndani ya kompyuta chenye tundu la kuunganishia vifaa. Sasa kadi hiyo ilikuwa inakata roho. Wiki nzima mlango ulimfungukia huyu na kumkatalia yule, kama mwenye nyumba mlevi.

Bisibisi hakwenda kichwa kichwa. Aliweka boksi la mafaili mlangoni ili usijifunge, akazima kompyuta, akafungua ganda, akang'oa kadi ya zamani. Ilikuwa imebabuka ukingoni, nyeusi tii. Alikuwa anaitoa mpya kwenye mfuko wake, mkuu wa kitengo akaingia.

Mkuu huyo alikuwa pia mume wa dada yake, na ndiye aliyemtafutia kazi hiyo alipomaliza chuo. Alisukuma boksi kwa mguu, akauvuta mlango nyuma yake.

"Shemeji, nina neno, sitaki wengine wasi—"

"Usifunge!"

Chuma kilishalala ndani ya chuma.

"Sasa si ubonyeze kitufe?"

"Kitufe kinaiambia kompyuta. Kompyuta imezimwa, na kadi yake ndiyo hii mkononi."

"Basi ufunguo."

"Unao wewe, shemeji."

Mkuu alijipapasa mifuko yote, hata ile ya shati. "Uko kwenye droo," alisema polepole. "Juu."

Simu hazikushika mtandao chini ya zege lile. Shemeji aligonga mlango kwa kiganja, kisha kwa kiatu, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mlinzi alikuwa getini, ng'ambo ya uwanja, na saa sita angefunga aende zake. Mtu mwingine asingekanyaga pale hadi Jumatatu.

"Kaa chini, uache kugonga," Bisibisi alisema. "Nikiweka kadi mpya na draiva yake ikakubali, tutatoka."

"Dereva? Dereva atafanya nini? Mimi gari ninalo, ninachotaka ni mlango!"

"Draiva ni programu, shemeji. Ndiyo inayoifundisha kompyuta kuongea na kadi. Bila hiyo wataangaliana tu, kama wakwe waliogombana."

Alitamani shemeji acheke, lakini hakucheka. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya rafu mbili, tai imelegea, anahema juu juu kama aliyekimbizwa. Miaka yote hiyo Bisibisi hakujua kwamba mtu huyu aliogopa kufungiwa. Naye mwenyewe hakuwa na nafuu. Jasho lilimtiririka mgongoni, na rafu za hati zilionekana kusogea kila alipoinua macho. Akajikaza kisabuni, akabana kadi kwenye tundu lake, akawasha.

Kompyuta ilichukua dakika nne kuamka. Ikaiona kadi ngeni, ikaomba draiva. Akaingiza sidii iliyokuja na kadi, akasubiri, akabonyeza ndiyo, akabonyeza ndiyo tena. Mwisho jina la kadi lilitokea kwenye orodha, na kando yake alama ya mshangao ya njano.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Imeikataa."

Aliiondoa draiva, akaiweka upya. Njano. Akazima, akawasha, akarudia hatua kwa hatua. Njano ile ile. Mara ya tatu, ili shemeji asikate roho na yeye asipayuke, alimwuliza:

"Ulikuja kuniambia neno gani?"

Shemeji alilegeza tai zaidi.

"Shemeji, sema lolote. Ukinyamaza unahema vibaya."

"Makao makuu wameandika," alijibu akitazama sakafu. "Wanakutaka kule, kwenye mashine mpya."

Bisibisi aligeuka kutoka kwenye skrini. Mara tatu alikuwa ameomba kuhamia huko, mara tatu akaambiwa subiri, mpaka akaamini hafai. "Wameandika lini?"

"Hii ya jana ni ya pili."

"Na ya kwanza?"

"Miezi minne iliyopita. Niliwajibu kwamba hutaki."

Bisibisi alishika ukingo wa meza. Alitaka kutoka nje, apige hatua hata kumi kwenye hewa, lakini hapakuwa na nje. Alikuwa na ukuta, rafu na mtu huyo.

"Dada anajua?"

"Anajua."

Bisibisi aligeukia kompyuta kwa sababu ndiyo peke yake ambayo hakuwa amekasirishwa nayo. Machozi yalimziba, akayafuta kwa kiwiko, akaanza kusoma mpangilio wa mashine mstari kwa mstari, jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu mwanzo. Hapo akaliona. Kadi ya poti na kadi ya sauti zilikuwa zinagombea njia moja ya kuiita kompyuta, na kadi ya sauti ilikuwa imetangulia.

Akazima. Akaing'oa kadi ya sauti, maana chumba cha hati hakihitaji muziki, akaihamishia kadi mpya kwenye tundu la mbali. Akawasha. Dakika nne nyingine. Safari hii njano haikutokea.

"Tayari?" shemeji aliuliza, akijaribu kusimama.

"Bado. Imejiita poti namba tatu. Programu ya mlango ni ya zamani, inaijua namba moja tu."

Akaifunga poti mbovu iliyokuja na mashine, ambayo ilikuwa imekalia namba moja bila kazi, akaipa kadi mpya namba hiyo. Programu ikafunguka, ikamwaga herufi zisizosomeka skrini nzima. Kasi ya kadi na ya kufuli hazilingani. Aliishusha kasi ya poti hatua kwa hatua mpaka herufi zikawa maneno: MLANGO UMEFUNGWA.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Mshale wa kipanya ulisimama juu ya neno FUNGUA. Bisibisi hakubonyeza.

"Kuna nini?" Shemeji alimtazama mkono, akaelewa. "Nitasaini. Lete karatasi, nasaini barua yako ya kuhama sasa hivi."

Bisibisi alimwona jinsi alivyokuwa, mtu mzima aliyelowa jasho, yuko tayari kutia sahihi chochote, na akajiona jinsi naye angeonekana akiichukua sahihi ya namna hiyo.

"Sitaki sahihi ya hapa," alisema, akabonyeza.

Kufuli liliachia. Shemeji alitoka mbio, akakaa kwenye ngazi na kichwa magotini. Alipopitwa alisema, "Haya yabaki ya familia, shemeji." Bisibisi alipanda bila kumjibu.

Jumatatu mkuu wa kitengo alipiga simu kwamba anaumwa. Bisibisi alichukua barua ya makao makuu kwenye faili, akaingia nayo mwenyewe kwa mkurugenzi. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akauliza ile ya kwanza ilienda wapi. Bisibisi alisema ukweli, kwa maneno machache. Ruhusa alipewa, ila baada ya miezi mitatu, mpaka amfundishe mwingine. Miezi mitatu ya kuteremka kila asubuhi kwenye chumba kile.

Jioni dada yake alikuja kwake, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Umemdhalilisha mume wangu."

"Wewe ulijua, dada. Miezi minne tulikula pamoja kila Jumapili, na ulijua."

Dada alishika fremu ya mlango. "Niliogopa ukienda usirudi. Mimi nina nani mwingine?"

"Ungeniambia hivyo," Bisibisi alisema, "ningekujibu kwamba narudi."

"Na sasa?"

Bisibisi alisogea kando, akamwachia nafasi ya kupita. Dada alisita kidogo, kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.