Stempu Bila Stempu

Mwalimu Kiambi wa Kibirichia alikuwa amestaafu kila kitu isipokuwa kusifiwa. Viazi vyake vilikuwa vya kawaida na mahindi yake ya kuhurumiwa, lakini alikuwa na stempu. Kilikuwa kipande chekundu cha karatasi chenye kichwa cha malkia wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa, alichokikuta ndani ya kitabu alichoachiwa na mmishenari aliyemfundisha.

Stempu za namna hiyo zilichapishwa kwa mamilioni, na nyingi hazinunui hata kilo ya sukari. Ila kila moja ina nambari ya bamba lililoichapa, iliyofichwa kwenye nakshi za pembeni, ndogo kiasi cha kumtoa mtu machozi. Bamba la sabini na saba lilikuwa na kasoro, likatupwa, na stempu chache zilizoponyoka ndizo zinazowanyima matajiri usingizi. Upande wa kulia wa stempu ya Mwalimu ulikuwa umefunikwa na wino wa posta ya zamani. Upande wa kushoto, kwa kioo cha kukuzia, alisoma saba, kisha saba nyingine.

Kibirichia nzima ikajua kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo aliitwa Mzee Sabasaba. Harusini aliketishwa meza kuu, na watu waliompita barabarani miaka kumi bila salamu waligundua ghafla kwamba ni jamaa zake. Stempu yenyewe hakuna aliyeielewa. Walijua tu kwamba kuna Mzungu mahali fulani anayeililia.

Binti yake Makandi, anayefanya kazi Kinoru, alimtumia mtaalamu wa Nairobi picha ya stempu hiyo. Jibu likaja kwamba mtaalamu atafika Jumamosi kuithibitisha. Mwalimu alifurahi, akachukua kioo aitazame tena, na hapo ndipo alipoona kistari. Kilisimama mbele ya ile saba ya kwanza, chembamba na kimenyooka, kama moja. Mia moja sabini na saba. Za nambari hiyo zimejaa tele duniani.

Siku tatu alisukuma sahani kando. Alijiona harusini akiwa amesukumwa nyuma kwenye masufuria, vijana wakimcheka. Hata mkewe Gatakaa hakumwambia. Aliona aibu kabla aibu yenyewe haijafika.

Ijumaa akaja Runji, chifu msaidizi, na faili kwapani, kwa sababu jambo kubwa haliwezi kupita Kibirichia bila serikali kulishika.

"Mwalimu, huyo mtu akikuja kesho, hii kitu iko na stempu?"

"Ni stempu, Chifu."

"Najua ni stempu. Nauliza kama iko na stempu ya ofisi."

"Haina."

Runji akatikisa kichwa. "Sasa stempu haina stempu, hiyo ni stempu gani? Hapa hata ng'ombe haiuzwi bila barua yangu." Akatoa muhuri wake wa mpira na kikopo cha wino wa zambarau.

Mwalimu alijua la kusema: chukua karatasi nyingine, piga huko. Maneno yalimfika mdomoni. Kisha akaona jinsi muhuri ulivyokuwa mpana na wino ulivyokuwa mzito, akaelewa kwamba kistari kile kingezama humo na asingekisoma mtu mwingine milele. Lawama zingeiendea serikali, ambayo imezizoea.

"Piga tu, Chifu," akasema, akaishikilia pembe isiteleze.

Runji akapiga. Kwa usalama, akapiga mara ya pili.

Jumamosi uwanja wa Mwalimu ulijaa wageni na harufu ya viazi vya mukimo. Mtaalamu, mama mmoja mpole aitwaye Lydiah, aliitazama stempu kwa muda mrefu, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Nani amefanya hivi?"

"Serikali," Mwalimu akajibu, kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi tangu alfajiri. "Na sasa nambari haisomeki, mama. Hatutajua kamwe."

"Mimi najua. Ile picha nimeipanua wiki nzima. Kuna kistari mbele, karibu kinidanganye, lakini kinavuka mpaka nje ya nakshi. Ni wino wa posta tu. Ilikuwa sabini na saba, Mwalimu. Nilikuja kutia sahihi. Lakini cheti hakitolewi kwa picha, na hii iliyobaki hapa siwezi kuitilia sahihi."

Mwalimu alitaka kulia, akaona haya, kisha akalia. Wageni walikuwa wamesikia sabini na saba. Lile neno "ilikuwa" liliwapita. Makofi yakapigwa hadi kwenye lango. Runji akajipenyeza mbele, akarekebisha kofia yake, akawatangazia kwamba bila ofisi yake mambo haya yangekwama.

Akamgeukia Mwalimu na kunyoosha mkono, ashukuriwe. Mwalimu akaupokea, akamshukuru.