Bomba la Moshi na Chumba cha Mwali

Jenereta lilipofika kijijini, aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Sikudhani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wa upande ule wa Kisarawe wakusanywe pamoja, nyumba zikapangwa mistari kama mihogo ya shamba la mfano, na kila mtu akapewa jirani asiyemchagua. Sikudhani alipewa kibanda cha jenereta, ubavuni kabisa mwa nyumba yake. Hakununa. Nyumba isiyo na watu kwake ilikuwa kama ina msiba, na mashine ya kusaga ikishapata umeme, foleni ya wanawake ingeishia barazani kwake, umbea wa vitongoji vyote umfikie amekaa, tena ukiwa bado wa moto.

Hakuwa amefikiria moshi.

Na moshi ulichagua wakati mbaya kupita wote. Binti yake Mwanamvua alikuwa mwali, amewekwa ndani tangu masika, na Jumamosi ile ndiyo alikuwa anatolewa. Wajomba walishaarifiwa mpaka Mlandizi. Mwali hatii mguu nje kabla ya siku yake. Akionekana, shughuli imeharibika na jina la mtoto limeharibika nalo. Mashine nayo ilikuwa haizimiki, maana mahindi ya shughuli hiyo hiyo yalikuwa yanasubiri kusagwa. Kwa hiyo mwali hatoki, mashine haizimwi, moshi unaingia. Sikudhani kila akijaribu kulipanga jambo hilo kichwani, linamwagika.

Jumatano asubuhi akaja Mwinyijuma, mwenyekiti wa kijiji, na fundi aliyemleta kutoka Kongowe ya Kibaha. Fundi mwenyewe Didas, mtu wa bara, mpole, mwenye bisibisi sikioni.

"Shida ni hii," Didas akasema, akionyesha bomba la moshi lililotokeza kwenye ukuta wa kibanda usawa wa bega. "Bomba fupi. Linapumulia baraza ya mama hapa. Tunalipandisha lipite paa, basi."

"Basi tu?" akauliza Sikudhani.

"Basi tu, mama mwali."

Akaunga kipande, akakiinua kikapita bati la kibanda kwa urefu wa mkono, akawasha. Moshi ukaondoka barazani. Watu wakashangilia. Siwema, jirani wa mstari wa pili, ambaye hakuja kusaga chochote, akashangilia kuliko wote.

"Na chumbani kwa mwali?" Sikudhani akauliza.

Hapo ndipo mambo yalipopindia. Mwanamume hasogelei chumba cha mwali. Hata mama mzazi, kwa miiko ya Bi Mwanamkuu, kungwi aliyekuwa akimfunda mtoto, haingii mpaka siku ya kutoka. Sikudhani akaenda kusimama nje ya pazia.

"Bi Mwanamkuu, muulize mwali, moshi unaingia?"

Kisha sauti ya kungwi: "Mwali hana neno."

Didas akafuta mikono. Lakini jioni Sikudhani akanusa dizeli kwenye ukili aliokuwa akisuka ukumbini. Alhamisi akamng'ang'ania fundi, bomba likashushwa kidogo. "Mwali hana neno." Likarudishwa palepale. "Mwali hana neno." Likageuzwa mdomo. Mwali, hana neno.

"Mama, nyumba yako haina moshi," Didas akasema kwa upole wa mtu anayetaka kurudi Kibaha. "Aliye ndani anasema haumo. Mimi nitamsikiliza nani?"

"Shoga, ni shughuli hizi," Siwema akatia lake. "Zinakupanda kichwani. Juzi umenisalimia mara mbili."

"Nilikusalimia mara mbili kwa sababu ulikuja mara mbili!"

Watu wakacheka. Sikudhani naye akacheka, lakini moyoni alikuwa ameanza kujiogopa. Pua yake inasema moshi upo. Mtoto aliyelala humo ndani anasema haupo. Fundi mwenye vyeti anasema haupo. Labda kweli yeye ndiye aliyeharibika.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, alikwenda uani kuanua kanga. Akainua macho. Paa lake la makuti lilikuwa linafuka, taratibu, kila upande, kama chungu kilichofunikwa vibaya. Akafikicha macho. Likaendelea kufuka.

"Bi Mwanamkuu!" akaita, amefika pazia. "Mwali anasemaje?"

"Hana neno."

Na nyuma ya neno hilo, kikohozi. Kidogo, kilichobanwa, cha mtoto.

Sikudhani hakujua amevukaje lile pazia. Alishtuka tu yumo ndani. Chumba kilikuwa cheusi kuanzia kichwani kwenda juu. Mwanamvua alikuwa amelala kifudifudi, kanga mbichi puani, mdomo ameupeleka kwenye ufa wa chini ya ukuta. Bi Mwanamkuu alikaa karibu na mlango, amejitanda ushungi mpaka machoni.

"Mwanangu! Mbona husemi?"

Mwanamvua akamtazama kungwi wake.

"Nimemfunda asilalamike," Bi Mwanamkuu akasema. "Mwali akiulizwa na wakubwa, hana neno. Ndiyo adabu."

"Na wewe, ulikuwa huna neno?"

"Mimi sikuulizwa."

Sikudhani akampa mgongo. Akatazama juu. Kati ya ukuta na makuti palikuwa na ule uwazi wa kupitisha hewa, na katika uwazi huo, uso kwa uso, mdomo wa bomba umemkodolea kama jirani aliyekuja kuchungulia.

"Fundi!" akapiga kelele ukutani. "Pandisha bomba!"

"Limeshapita paa, mama!" ikajibu sauti ya Didas, aliyekuwa bado akiiangalia mashine nje.

"Paa la nani?"

"La kibanda."

"Kibanda kina mwali?"

Nje watu walivunjika mbavu. Didas akaunga kipande kingine. Mashine ikaanza kukohoa kuliko mtoto, taa ya ofisi ya kijiji ikafifia.

"Inakabwa!" fundi akalalamika. "Bomba jembamba likirefuka, moshi hautoki, unairudia mashine. Hapa nahitaji bomba nene."

Bomba nene lilikuwepo, limelala majanini kwenye kisima cha kijiji. Mwinyijuma, aliyekuwa amefika na watu, akakohoa. Hilo ni mali ya kijiji, akasema, kulihamisha kunataka mkutano.

"Kisima hakijatoa tone tangu tuhamie, Ndugu Mwenyekiti!" Sikudhani akajibu kupitia ukuta. "Bomba limekaa bure kama Siwema!"

Likaletwa. Didas akapanda ngazi, na Sikudhani, kwa kuwa mwiko alishauvunja, akabaki ndani na kuwa kipimo.

"Bado! Bado unaingia! Pandisha! Umepungua... bado... hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Bomba lilikuwa limepita kilele cha paa lake na kusonga mbele, na moshi ukaenda zake juu kwa juu kuelekea mikoroshoni. Mashine ikanguruma vizuri. Chumba kikaanza kuonekana.

Sikudhani akamgeukia kungwi. "Bi Mwanamkuu, nimemharibu mtoto?"

Kungwi akatoa hukumu. "Mwali hakutoka, hakusema. Yeye amefaulu. Aliyekosa ni wewe. Kesho utacheza peke yako mbele ya watu, kabla ya ngoma kuanza."

Jumamosi akacheza, peke yake, hakuna aliyeambiwa kwa nini, na alicheza vizuri. Kisha Mwanamvua akatolewa juu ya mabega ya mjomba, shanga zinalia, macho mekundu, machozi yanamtiririka.

"Tazameni mwali alivyofundwa," wanawake wakanong'onezana. "Analia kwa adabu."

Siwema akajipenyeza. "Shoga, nieleze. Jana humo ndani uliona nini?"

Sikudhani, ambaye habari haijawahi kulala kinywani mwake, akamtazama binti yake, akautazama moshi uliokuwa ukienda zake juu ya makuti. Hakujua acheke au alie.

"Mimi?" akasema. "Sina neno."