Sifuri Ubaoni

Mama aliniita Mbishi kabla sijajua hata kutembea, na sijawahi kumwangusha. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu aliponipa sitini na nane, wakati mkondo wa sayansi unataka sabini, sikulia. Niliipekua karatasi mpaka nikampata mchawi wangu: swali la tisa, alama nne, mkasi mwekundu wa kosa juu yake.

Swali lenyewe hili: −x² + 5x − 6 > 0. Mimi niliandika kwamba x iko kati ya mbili na tatu. Darasa zima waliandika kinyume, chini ya mbili au juu ya tatu, na wote wakapigiwa vema.

Mnajua kwa nini? Wimbo! Mwalimu wetu hafundishi hesabu za kutolingana, anaziimbisha. Anagonga rula mezani, sisi tunaitikia. "Alama ya kubwa?" "Nje!" "Alama ya ndogo?" "Ndani!" Wimbo mtamu, sikatai, ila unafaa pale tu x² inapokuwa chanya. Ikiwa na hasi mbele, unazidisha kila kitu kwa hasi moja, na mdomo wa alama unageuka. Kubwa inakuwa ndogo, jibu linahamia ndani, kati ya mbili na tatu. Ndivyo alivyotufundisha yeye mwenyewe mwanzoni, kabla wimbo haujamkolea.

Wakati wa mapumziko nikamfuata ofisini. Alikuwa anamenya chungwa.

"Shikamoo, mwalimu. Swali la tisa umenionea."

"Marahaba. Kanuni si unaijua?"

"Naijua. Weka sifuri mahali pa x, mwalimu, halafu uniambie."

Chungwa likasimama mkononi. Akaitazama karatasi, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Nakuongezea mbili za mwandiko mzuri. Unafika sabini, unaingia sayansi, yameisha. Sawa?"

Alikuwa ameshaona! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Mwandiko mzuri! Mwandiko wangu mimi, ambao mama yangu mzazi anausoma kwa kubahatisha?

"Sitaki kuhongwa," nikasema. "Nataka haki yangu, tena ubaoni, mbele ya wote."

"Nikisahihisha upya wenzako watashuka. Hata huyo rafiki yako. Umelifikiria hilo?"

Sikuwa nimelifikiria. Pengo, ambaye tumekaa dawati moja tangu hatujui kusoma, alikuwa na sabini na moja. Nilitoka ofisini nikimfikiria yeye, lakini uongo ni uongo hata ukiimbwa na darasa zima, na mimi nilikuwa nimechoka kuuitikia.

Kengele ilipolia nikatangulia darasani, nikaishika chaki. "Ameanza huyo!" "Kaa chini wewe, Mbishi!" Mwalimu alifika akasimama mlangoni. Hakunizuia, hakunisaidia. Nikaandika swali la tisa kwa herufi kubwa, nikawageukia.

"Sifuri iko chini ya mbili, si ndiyo? Kwa jibu lenu inakubalika. Haya, iwekeni mahali pa x. Inabaki nini?"

Walijua, jamani! Niliona midomo inavyohesabu, na hakuna aliyethubutu kuifungua.

"Inabaki hasi sita."

Ni Pengo. Alikuwa amesimama. "Na hasi sita si kubwa kuliko sifuri. Tumekosa sote, mwalimu."

Mtu mmoja nyuma akamsonya. Mwalimu akaingia taratibu, akaketi, akaisogeza ile rula pembeni ya meza. "Leteni karatasi," akasema.

Pengo hakungoja kusahihishwa. Alichukua kalamu akalikata lile vema mwenyewe, akafuta sabini na moja, akaandika sitini na saba. Ndipo akaipeleka mbele, wa kwanza kabisa. Aliporudi kuketi machozi yalikuwa yananilengalenga.

"Pengo, mimi sikutaka..."

"Wee, usinililie hapa. Mtihani wa marudio si upo? Basi sayansi naingia, watake wasitake. Utanifundisha kila siku tukitoka shule." Akacheka, akanitolea lile pengo lake lote la meno ya mbele. "Na ole wako uniimbie. Nakuzaba kibao."