Mama Bado na Unga wa Majani

Mama mkwe wangu ana neno moja analolitumia kuliko majina ya watoto wake, nalo ni bado. Nguo zimekauka? Bado. Chai imeiva? Bado. Nimechoka, naomba nikapumzike? Bado, hujachoka, unajisikia tu. Ndiyo maana moyoni nilimpa jina la Mama Bado. Moyoni tu, maana mimi ni mkamwana, na katika nyumba ile mdomo wangu ulikuwa wa kula na kuitikia.

Kazi yetu ni unga wa majani. Mwarobaini kwa wenye chunusi, mlonge kwa ngozi iliyopauka, na mchanganyiko wa yote mawili kwa wale wasiojua wanasumbuliwa na nini. Majani hayataki jua. Jua linakula rangi, na hakuna mteja anayenunua unga wa kahawia. Kwa hiyo yanatandazwa ndani: ukumbini, juu ya kabati, chini ya kitanda changu. Majani yanakaa kivulini na sisi tunakaa nje juani, tukisubiri yakauke ili tupate pa kukanyaga.

Yakikauka, yananisubiri mimi. Mashine iko chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo. Najifunga kitambaa puani na bado vumbi linapita. Nikikohoa, leso inatoka kijani. Chai yangu ina uchungu wa mwarobaini hata niweke sukari vipi. Mume wangu ni dereva wa lori, na kila akirudi safari husema nanukia msitu. Zamani alisema hivyo akicheka.

Kusaga si kitu. Kazi ni kuchekecha. Kwanza chekeche la waya, halafu la kitambaa, halafu la kitambaa tena, mpaka mabega yanauma hata siku ambayo sijagusa kitu. Kisha namletea Mama Bado kwenye sahani. Anachukua unga kidogo kwa kidole, anafumba jicho, anajipaka juu ya kope, anasugua taratibu. Akihisi hata punje moja, anafumbua jicho na kusema, "Bado." Narudi kwenye chekeche. Siku akiridhika, hasemi chochote, anasogeza tu mifuko ili tuanze kufunga. Tangu niolewe sijawahi kusikia neno "sawa" likitoka kinywani mwake. Kimya chake ndicho cheti changu, na nilikuwa nimejizoesha kuridhika nacho.

Mbele, kwenye chumba kinachotazama barabara, anauza wifi yangu. Wateja wanamwita Nyusi. Miaka ya nyuma walikuja watu wa ofisi ya ukaguzi, watu wapole tu, wakasema kitu ambacho hakijapimwa hakiitwi dawa, kwa hiyo kila mfuko uandikwe kwa herufi kubwa: SI DAWA. Tuliona biashara imekwisha. Mama Bado alilala mchana mzima ameutazama ukuta.

Nyusi ndiye aliyetuokoa. Mteja anauliza, "Hii ni dawa ya nini, dada?" Naye anajibu kwa sauti ya kanisani, "Si dawa," na papo hapo nyusi yake ya kushoto inapanda juu, polepole, inakaa huko. Mteja anacheka. Anaelewa, au anadhani anaelewa, na anachukua mifuko miwili. Sheria ilikataza neno, haikukataza nyusi. Tukaanza kuuza kuliko zamani.

Mimi niliwekwa mbele mara moja tu, Nyusi alipokwenda kung'oa jino. Akaja mama mmoja, akauliza kama unga unaondoa mabaka usoni. Nikamwambia sijui. Wengine wamerudi kusema yameondoka, wengine hawakurudi. Aliuweka ule mfuko mezani taratibu akaaga vizuri. Mama Bado alikuwa amesikia yote. "Mwanangu," aliniambia, "wewe saga tu. Mdomo wako hauna biashara."

Basi nikasaga.

Sasa, Mama Bado akaanza kuvaa soksi. Joto kali, watu tunajipepea na vifuniko vya masufuria, yeye kavaa soksi nene za mwanawe. Nikamuuliza, akasema miguu ina ganzi. Akaanza kutembea kwa kuegemea upande. Akawa anakunywa maji sana, na mtungi niliokuwa naujaza asubuhi naukuta mtupu kabla ya mchana. Niliona yote hayo na sikuyaunganisha. Mtu aliyechoka huona vitu kimojakimoja.

Kilichoniamsha ni harufu. Nyumba yetu inanukia majani mpaka pua imeacha kusikia kingine chochote, kwa hiyo nilipokuwa nafagia chumbani kwake na kusikia kitu kinanuka chini ya ile harufu ya majani, nilijua si kidogo. Alikuwa amesinzia, soksi moja imemtoka. Kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda. Kingo zake zilikuwa nyeusi. Katikati palishindiliwa unga wa kijani, na kopo la unga huo lilikuwa pembeni ya mto. Niliutambua bila hata kuugusa. Ulikuwa ule wa daraja la kwanza, wa kupaka usoni, ninaouchekecha mara nyingi kuliko mwingine wote.

Akafumbua macho. "Kiatu kilinibana," akasema. "Kinakauka."

"Mama, twende hospitali."

"Bado."

Nilikwenda mbele nikamwambia Nyusi. Aliacha mteja amesimama, akaja mbio, akainua ile soksi, akairudisha. Akakaa kitandani na kumshika mama yake mkono.

"Mama, ule unga si dawa."

Mama Bado akatabasamu. "Najua," akasema, na nyusi yake ya kushoto ikapanda juu, polepole, ikakaa huko. Ndipo nilipojua wifi yangu aliirithi wapi.

"Mama, nasema kweli. Si dawa. Hauponyeshi kidonda."

"Haya, bwana afisa."

Nyusi alijaribu tena. Alijaribu kuukaza uso, na kadiri alivyoukaza ndivyo nyusi ilivyopanda yenyewe, imezoea kuongozana na yale maneno. Nilimwonea huruma. Mwishoni alilia, machozi ya kweli kabisa, na mama yake akampigapiga goti kwa upendo. "Hata machozi siku hizi? Mwanangu, wewe utauza mpaka rafu zenyewe."

Tukampigia mume wangu simu. Alikuwa njiani, lori limejaa mzigo. Alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. "Bado, baba," mama yake alimjibu. "Wewe tazama barabara."

Siku zikapita za namna hiyo. Kila asubuhi tunaomba, kila asubuhi anatuahirisha. Mguu ukavimba mpaka juu ya kifundo. Usiku alikuwa na homa, mchana anasema ni joto la soksi. Mimi nilikuwa nasaga. Nilikuwa nimechoka na majani, nimechoka na neno lile, nimechoka na kusikia vilio vya wifi yangu kupitia ukutani huku mashine inanguruma. Nasema ukweli wangu, kuna saa nilitamani mtu mwingine yeyote awe ndiye mkamwana wa nyumba ile.

Asubuhi moja aliniita kutoka kitandani. "Kopo limeisha. Niletee jingine. Na uchekeche vizuri, ule wa mwisho ulikuwa na chenga."

Nilizima mashine. Kimya kilipoingia, nilisikia kwa mara ya kwanza jinsi anavyopumua, kwa haraka na kwa shida. Nikaingia chumbani mikono mitupu. Nyusi alikuwa mlangoni, kiganja kimefunika paji la uso, maana alikuwa hauamini tena uso wake mwenyewe.

"Unga uko wapi?" Mama Bado akauliza.

"Sikuuleta, mama."

"Umekuwa mchoyo siku hizi?"

"Mama, si dawa," Nyusi akasema kutoka mlangoni.

"Wewe nyamaza na uso wako." Akanigeukia mimi. Macho yalikuwa mekundu, midomo imekauka. "Wewe hapo. Wewe hungeweza kuuza maji hata wakati wa ukame. Niambie wewe. Unga huu unaponyesha kidonda changu, hauponyeshi?"

Sikutaka kuulizwa. Watu watadhani nilifurahi kupata nafasi ya kumwambia mama mkwe wangu ukweli, lakini sikufurahi hata kidogo. Miaka yote ile kwenye chekeche, mabega yakiwaka moto na kifua kikikwaruza, nilikuwa na kitu kimoja cha kujiliwaza nacho: kwamba mahali fulani kuna mtu anapona. Sikuwahi kumwambia mtu. Mtu akichoka, angalau achoke kwa ajili ya kitu. Sasa mwenye unga wake alikuwa ananitaka mimi, kwa mdomo wangu usio na biashara, nikichukue kitu kile nikitupe nje.

"Unalainisha ngozi, mama," nikasema. "Kidonda hauponyeshi. Ni majani tu."

"Majani tu."

"Ndiyo, mama. Majani tu."

Alinitazama usoni muda mrefu. Alikuwa anatafuta. Mimi nyusi zangu ni chache tangu utotoni, hazijui kufanya lolote, na hakuona kitu. Alishusha pumzi, akageuza uso kwenye ukuta uleule aliowahi kuutazama watu wa ofisi walipoondoka. Nikadhani hataki tena kusema nami. Kisha akasema, "Niletee viatu."

Ni kimoja tu kilichoingia.

Hospitali walimpima damu kabla hata ya kumvua soksi. Sukari ilikuwa juu sana, na daktari alisema inaelekea imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Ganzi ilikuwa imeficha maumivu, na kidonda kikapata nafasi ya kuchimba bila kumsumbua mwenyewe. Daktari alikuwa kijana, amechoka kama sisi, macho yamemvimba. Hakutugombeza. "Tusafishe kwanza," akasema. "Nikifika chini nikakuta nyama nzima, mguu unabaki. Nikikuta mfupa, tutazungumza mengine. Siwezi kusema lolote mpaka nipaone."

Nyusi hakuweza kutazama, akasimama na uso ukutani. Nesi akanipa mimi beseni nishike. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake mizito na yenye uhakika. Alimwaga maji, akasugua, akamwaga tena.

"Mmeweka dawa gani hapa?"

 Nikasikia viatu vya Nyusi vikisogea sakafuni.

"Si dawa," Mama Bado akasema. Nikamtazama haraka. Uso wake haukucheza hata kidogo. "Ni majani tu."

Nesi akaendelea. Maji yaliyokuwa yakianguka kwenye beseni yalikuwa ya kijani, kijani kizuri, ile rangi tunayoitafuta kwa kulala juu ya majani makavu. Nilikwenda kuyamwaga, nikaleta mengine. Yakawa ya kijani tena. Nesi alibadilisha pamba, akainama karibu zaidi, akajaribu kwa ncha ya koleo, akaguna.

"Nani aliyesaga hiki kitu?"

Niliinua macho.

"Wengine wanakuja wamejaza unga wa chenga," nesi akasema. Alikuwa anajisemea tu, akifanya kazi. "Huo unatoka vipandevipande, unamaliza mara moja. Huu laini mno. Haushikiki. Umeingia kila mahali, mpaka chini kabisa."

Nililivuta beseni karibu na maji yakagonga ukingo wake. Nilikuwa namwona yule mwanamke wa chumba cha nyuma, yaani mimi, akichekecha mara moja ya ziada ili asirudishwe. Nilitaka kumwambia aache. Nilitaka kumwambia acha chenga zibaki, dada, nenda ukalale.

Mama Bado akanyoosha mkono, akanishika juu ya kiwiko. Kiganja chake kilikuwa na moto wa homa.

"Umesikia?" akasema.

"Nimesikia, mama."

"Laini mno, kasema." Alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kulipata kwake, si jikoni, si harusini kwangu. "Ni huyu," akamwambia nesi. "Mkamwana wangu ndiye anayesaga."

Nesi hakuinua kichwa. Alimimina maji, akayaangalia yakishuka, kijani juu ya kijani. Maneno yale niliyasubiri tangu nilipoingia nyumba ile. Sikujua niyaweke wapi.

"Pametakata?" nikauliza.

"Bado," nesi akasema.

Nikaenda kuleta maji mengine.