Pedi Zangu Jikoni kwa Mama Mkwe

Tangu nianze kutumia pedi za kitambaa, sala yangu kubwa ni jua, na huku Kibosho mlimani, mwezi wa Aprili sala hiyo haijibiwi. Ukungu ulipokataa kuondoka, nilizianika jikoni, kwenye kamba juu ya moto.

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Katikati ya litania nikahisi siku zangu zimefika, nikakimbilia jikoni. Kwenye kamba ilibaki moja tu, bado mbichi. Mbili zilizokauka alikuwa nazo mama mkwe, ameshikia sufuria ya machalari, zile ndizi za nyama.

“Mama, hizo ni pedi zangu. Nazihitaji sasa hivi.”

Akaitua sufuria taratibu, akazitazama. “Nilidhani ni vishikio. Nikawa najiuliza vifungo ni vya nini.”

“Ni safi, mama.”

“Naomba ziwe safi, nimepikia jumuiya nzima.” Akanipa ile isiyo na mchuzi. “Hii nyingine niachie nipakulie, katekista ana njaa.”

“Mama.”

“Na unishonee mbili, za sufuria tu. Hayo mengine Mungu alishanistaafisha.”

Nilipomaliza shida yangu nikarudi kwenye litania, nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, “Utuombee.”